Brashi Imetokea Wapi

Kutembea na Mwalimu maana yake ilikuwa kusimama. Ukitoka naye Kinondoni kwenda mahali pa dakika kumi, ulijipa saa nzima na bado ulichelewa. Alisimama mbele ya kinyozi, mbele ya genge la nyanya, mbele ya ukuta wa uani ulioandikwa kwa mkaa USIKOJOE HAPA, akainamisha kichwa upande mmoja na kutazama. Hakuwa akisoma. Kusoma alikuwa amekwisha soma tangu mbali. Alikuwa akitazama herufi.

"Brashi imetokea wapi?" angeuliza, na kumbe ananiuliza mimi.

Mwanzoni nilijibu ovyo ovyo. Nina duka la steshenari Mwananyamala. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, natengeneza kadi za harusi na mabango ya plastiki. Kwangu herufi ni kitu unachochagua kwenye orodha, ukabofya, ukaendelea na mambo yako. Sikujua kwamba herufi inatokea mahali.

Alinifundisha kwa ncha ya mwavuli wake, kwenye ukuta wa muuza mkaa. Brashi ikitoka kwenye kopo imejaa, alisema, kwa hiyo mstari huanza mnene na kuisha mkavu, hasa ukuta ukiwa na chengachenga. Tazama mstari wa kulala wa T. Mtu wa mkono wa kulia huuvuta kutoka kushoto kwenda kulia, rangi hujaa kushoto na kufifia kulia. Kuta zote za mji huu ziko hivyo. Yeye alikuwa anatafuta T iliyojaa kulia. Alikuwa anatafuta mtu mmoja, mchora mabango mwenye mashoto, na hakuwa na picha yake wala namba yake ya simu. Alitaka kumwomba radhi kabla macho yake mwenyewe hayajapofuka kabisa.

Alikotokea sikujui. Bara, hilo lilisikika katika usemi wake, lakini bara ni kubwa na mie sikuuliza. Nilichokijua ni kwamba alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi kule Temeke mpaka alipostaafu, darasa la kwanza tu, na kila walipotaka kumpandisha alikataa.

"Darasa la pili wanafika wameshaharibiwa," aliniambia.

"Na nani, Mwalimu?"

"Na mimi."

Alisema hivyo akanywa chai yake, na sikujua kama nicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya utani wake, hakuutia chumvi wala hakukukonyeza.

Mabango yangu hakuyapenda, na hakuwa mtu wa kuficha. Alipita dukani karibu kila asubuhi akirudi sokoni na kikapu chake, na kama nimetandaza bango jipya sakafuni likisubiri mwenyewe, nilijua leo ipo kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hili nalo umeliandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nani alitoka jasho?"

"Hakuna. Ni mashine."

"Basi ipe hongera mashine."

Nilimjibu kwamba mteja hanunui jasho, ananunua bango, na bango langu linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Akasema ni kweli, hata honi inasikika kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake alikuja na maandazi mawili kwenye gazeti, akaniwekea kwenye kaunta bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumaliza ugomvi. Samahani ya mdomo ilimkwama. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilielewa jinsi ile samahani moja aliyokuwa ameibeba ilivyokuwa nzito kwake.

Tulianza kutoka pamoja siku za Jumapili, yeye akitoka misa ya kwanza na mie nikiwa nimefunga duka. Tulivuka mji kwa bajaji mpaka Temeke, tukashuka, tukaanza kusimama. Kikapuni alibeba kaunta buku lenye jalada gumu. Humo alichora herufi alizozikuta na mahali alipozikuta: Tandika, kibanda cha chipsi, T, imejaa kushoto, siye. Mtoni, fundi baiskeli, H, kushoto, siye. Kurasa na kurasa za siye. Na kituko ni kwamba mwandiko wake mwenyewe haukusomeka. Mtu aliyefundisha nusu ya Temeke kuandika a kwa duara na mkia, aliandika kama kuku kaparura. Nilipomcheka alisema ubaoni anawaandikia watu, kwenye daftari anajiandikia mwenyewe, na yeye mwenyewe kusoma hajambo.

Alizipenda herufi zenye makosa kuliko zilizonyooka. Kulikuwa na saluni moja Tandika ambayo mwandishi wake hakupima ukuta. Alianza na herufi kubwa za kifahari, akatanua, akafika katikati akagundua nafasi inakwisha, na zile za mwisho zimebanana pembeni zikipanda juu ya bomba la maji. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu anapenda kuanza," alisema. "Akioa, mwambieni mkewe ashike funguo za nyumba."

Aliamini kwamba anamjua mtu kwa herufi zake, na mara nyingine alikosea vibaya. Mbele ya bucha moja alinieleza kwa kirefu kwamba aliyeandika pale ni mzee mpole, mtu wa subira, huenda ana wajukuu. Mwenye bucha akamwita mwandishi wake atoke. Akatoka binti mwenye nywele za rangi ya chungwa, anatafuna big-ji, brashi imechomekwa sikioni. Mwalimu alimwambia ateme ile big-ji, na akaitema. Tulipoondoka alisema yule binti ana roho ya mzee. Kushindwa hakukuwa katika mtaala wake.

Siku nyingine, Mbagala, tulisimama mbele ya ukuta ulioandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Kuta za namna hii zimejaa mjini, kila familia inaogopa kuamka ikute nyumba yake imeshauzwa na mjomba. Mwalimu alisogea mpaka pua ikagusa U, akatoa daftari, akaanza kuchora. Mwenye nyumba akatoka na kanga kiunoni.

"Bibi, shikamoo. Unaandika nini hapo?"

"Marahaba. Naangalia tu, mwanangu."

"Mbona na daftari? Nyie ndo mnatumwaga kuja kupima. Nyumba haiuzwi! Hujui kusoma?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alifunga daftari taratibu. "Najua," alisema. "Nilikuwa naangalia kama na yeye aliyeandika anajua." Yule mama alitazamana naye, kisha kicheko kikamtoka, na tukaishia kunywa maji ya baridi sebuleni kwake. Aliyeandika alikuwa mumewe. Kushoto. Siye.

Habari ya huyo aliyekuwa akitafutwa niliipata mchana mmoja wa mvua, umeme umekatika, mashine zangu zote kimya, na yeye amekwama dukani hawezi kutoka. Huenda ule ukimya ndio uliomfungua.

Mwalimu wa darasa la kwanza, alinieleza, huwafundisha watoto kuandika hewani kabla ya kushika penseli. Vidole juu, wote pamoja. Lakini yeye amesimama anawatazama. Akichora herufi kwa mkono wa kulia kama kawaida, wao wanaiona imegeuka. Kwa hiyo alijizoeza kuandika kinyumenyume, na kwa mkono wa kushoto, ili mkono wake uwe upande mmoja na mikono yao ya kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alinionyesha pale pale dukani. Alinyanyua mkono wa kushoto akaandika hewani jina langu, na mie niliyekaa mbele yake nikaliona limenyooka kabisa.

Katika darasa lake alikuwepo mtoto mmoja, kajana ka dirishani, aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Enzi hizo mashoto hayakuvumiliwa. Mkono wa kushoto ni wa chooni, huli nao, hupokei nao kitu cha mkubwa, sembuse kuandikia. Mwalimu alimkanya mara ya kwanza. Mara ya pili akamchapa. Mara ya tatu akamuuliza mbele ya wenzake, kwa nini unatumia mkono huo?

Mtoto akasema, "Mbona na wewe Mwalimu unatumia huo huo."

Darasa zima likacheka. Watoto zaidi ya mia, wanacheka.

"Alikuwa anasema kweli," Mwalimu aliniambia. "Aliniangalia, akafanya kama nilivyofanya. Mimi nikaona ananidharau." Alichukua kitambaa cha kufutia ubao akaufunga ule mkono kwenye mguu wa dawati. Akaufunga kesho yake, na keshokutwa, mpaka mtoto akaja anaandika kwa mkono wa kulia, herufi zinatetemeka, na hasemi. Muhula haukwisha, akaacha kuja.

Nilimuuliza kama alimfuatilia.

"Hapana." Mvua ilikuwa inapiga bati. "Nilishukuru. Dawati lilipata nafasi."

Hilo la dawati ndilo lililomtafuna, nadhani, kuliko kitambaa. Alikaa nalo miaka yote, mpaka kwenye msiba mmoja mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mtu mzima, alipomtajia wenzake wako wapi, na katikati akasema: yule wa mashoto uliyekuwa ukimfunga, Mwalimu, anaandika mabango, nilimwona juu ya ngazi huku huku Temeke. Mwalimu alisema wali hakuumaliza. Wiki ile ile alinunua kaunta buku.

Kuta zilikuwa zinamwishia. Kila mwezi duka jingine lilifunikwa na plastiki, na plastiki nyingine zilitoka kwenye mashine yangu. Macho nayo yalikuwa yanaingia ukungu, mtoto wa jicho yote mawili, na presha haikuwaruhusu madaktari kuyagusa haraka. Binti yake alikuwa amejenga Mbweni na chumba cha mama kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa. Alikuja na gari mara mbili, akaondoka bila mama.

"Sijamaliza kusahihisha," Mwalimu alimwambia. Binti akanitazama mie kana kwamba ndimi ninayemficha.

Mahali pamoja tu hakutaka kwenda, na palikuwa karibu kuliko kote. Makaburi ya Kinondoni. Nje ya ukuta wake wamepangana mafundi wanaouza misalaba na mawe ya makaburi, wanaandika majina hapo hapo, herufi kedekede za kutazama. Mwalimu alipita upande wa pili wa barabara, uso mbele. Nilidhani ni imani. Siku moja nilimtania kwamba anaogopa kusahihisha marehemu, na akanijibu bila utani hata chembe.

"Pale wameandikwa wanafunzi wangu wengi. Naogopa nisije nikakuta jina lake."

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Temeke, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia kwamba upepo umepasua bango lake, anataka jipya. Nililichapa, nikalipeleka mwenyewe. Vijana wake walipanda wakalishusha lile la zamani, nililolichapa pia mie, na chini yake ukutani kukatokea maandishi ya rangi nyeusi yaliyokuwa yamefunikwa miaka mitatu: SARUJI, NONDO, MABATI.

Nilisimama. Nilisimama kama alivyokuwa akisimama yeye, kichwa upande. T ya MABATI ilikuwa imejaa kulia. Kushoto rangi imekauka, imeachia vijimstari vya nywele za brashi. Nikatazama A zote, kila mstari wa kati. Kulia. Kulia. Kulia.

Nilimkumbuka Mwalimu amesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mie. Tulipita hapo pamoja mwaka wa kwanza. Alilitazama bango langu, akaguna, tukapita.

"Nani aliandika hapa?" nilimuuliza mwenye duka.

"Hapo? Yule braza wa mashoto. Kitambo sana, dada. Mie nilikuwaga namwambia andika kubwa, anasema utulivu mzee, herufi inataka kupumua. Ila kazi za kuta zimekata, si unaona wenyewe mmekuja na plastiki zenu." Alicheka. "Yuko zake Kinondoni siku hizi. Pale makaburini, anaandika misalaba."

Mguu wa kwenda kwa Mwalimu ulikuwa mzito. Nilimkuta uani anachambua mchele kwa vidole, maana macho hayakuona tena chuya. Nilimwambia yote, na la bango langu nikalisema la kwanza, kwa sababu nilijua nikilichelewesha sitalisema. Akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo na wewe unalo lako," alisema.

"Ninalo, Mwalimu. Nisamehe."

"Umelisema haraka. Mimi nimekaa nalo miaka." Aliweka ungo chini, akajifunga kanga ya pili. "Twende, kabla sijakaa tena."

Hatukupanda kitu. Ni mwendo mfupi, na alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulipofika alisita mwanzo wa ile safu ya misalaba. Nikamwambia niko naye, nami nitasoma majina kabla yake. Akasema, "Usisome. Nionyeshe tu brashi."

Tulimkuta wa nne. Mwanamume wa makamo, kichwa kinaanza mvi, amekaa kwenye kigoda na msalaba mweupe umelala magotini. Alikuwa amefika kwenye neno AMEFARIKI, na brashi ilikuwa mkono wa kushoto, inavuta mstari wa F kutoka kulia, taratibu, bila kutetemeka. Mwalimu alisogea mpaka kivuli chake kikaangukia msalaba. Yule bwana akainua uso, tayari kuuliza jina la marehemu.

Hakuuliza. Alimtambua. Nami niliona, kwa macho yangu, mtu mzima mwenye mvi akihamisha brashi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, upesi, kama mwizi. Kisha ndipo akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba." Sauti ilimtoka ndogo. Akalitaja jina lake, jina kamili la kwenye rejista, ambalo mie alikuwa hajawahi kunitajia. "Nimekutafuta nikuombe radhi. Nilikufunga mkono. Ukaacha shule kwa ajili yangu."

"Wala, Mwalimu!" Alikuwa anatabasamu, ametahayari, anatazama huku na huku. "Si kwa ajili yako. Mzee alihamia Mbagala, tukahama wote. Shule nilimalizia huko. Mbona yale mie nilishasahau zamani. Tena umenisaidia, nikichoka huu naandika na huu."

"Hukusahau."

"Nilisahau, Mwalimu, haki ya Mungu."

"Umehamisha brashi sasa hivi."

Akautazama mkono wake wa kulia, ulioshika brashi. Lile tabasamu likamtoka. Fundi wa jirani aliyekuwa akigonga jiwe akaacha kugonga.

Mwalimu alinyoosha mkono wake wa kushoto. Kwetu mkono huo humpi hata adui, na wapita njia waliona. "Nipe huo," alisema.

Alisita. Alijifuta kwenye suruali, haikusaidia, rangi ilikuwa mbichi. Kisha akampa ule wa kushoto, na Mwalimu akaushika, akaufunika na wa kulia, akainama, machozi yakamdondokea kwenye vidole vya yule bwana. "Nisamehe, mwanangu," alisema, wazi, kwa mdomo wake. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kabla.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema yule bwana, naye sasa hatazami huku na huku.

Tulikaa kwenye kibao chake cha wateja akatumalizia AMEFARIKI, kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alitazama kila herufi kwa karibu, pua msalabani, asitie neno. Alipoona nafasi ya mwisho imetosha bila kubanana, akasema, "Vema," na yule bwana akacheka kama mtoto aliyerudishiwa daftari.

Wakati wa kurudi tulipita kwa kinyozi, kwa genge la nyanya, kwa ule ukuta wa mkaa, na hakusimama popote. Nilimfungulia duka akae apumzike. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na rangi nyeusi, alama za vidole vinne, nami nikaleta kitambaa na mafuta ya taa nimfute kabla haijakauka.

Alikunja kiganja.

"Acha," alisema. "Mpigie binti yangu aje na gari. Mwambie akija asinishike mkono huu."